Tuchukue mkopo wa nyumba au tuendelee kupanga?

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi na mume wangu tumepanga Nkuhungu hapa Dodoma, vyumba viwili na sebule, laki na nusu kwa mwezi, na mwenye nyumba anataka ya miezi sita kwa mkupuo, yaani kila tukishamlipa nyumba nzima tunaishi kwa kujibana. Mume ni mtumishi, mkononi anapata laki nane na ishirini, mimi nauza chapati na supu asubuhi. Tumedunduliza hadi tuna milioni 6. Sasa dalali kaleta nyumba Mkonze, milioni 45, imepauliwa ila haina dari wala sakafu, mume anataka tukope milioni 40 tulipe miaka 15. Watu wanatuambia kupanga ni kumjengea mwenzako. Mimi roho inasita ila sina cha kumwambia. Tufanyeje?
Msomaji, Nkuhungu

JIBU: Marahaba mwanangu. Kaeni wote wawili mshike kalamu kwanza. Tuseme riba ni asilimia 15 kwa mwaka, milioni 40 kwa miaka 15 ni rejesho la kama laki tano na sitini kila mwezi. Toa kwenye laki nane na ishirini, inabaki laki mbili na sitini ya chakula, ada, nauli na kuuguza, na kwa mtumishi hata hapo inategemea, maana makato hayatakiwi kuacha chini ya theluthi moja ya mshahara wa msingi. Mpaka mmalize mtakuwa mmelipa karibu milioni 101, kwa hiyo riba peke yake ni kama milioni 4 kwa mwaka, wakati kodi yenu ya Nkuhungu kwa mwaka ni milioni 1 na laki 8. Hiyo ndo hoja yako, mpe. Kodi itapanda najua, lakini ina safari ndefu kufika huko, na nyumba yenyewe bado inadai dari, sakafu, choo, kuvuta maji na umeme.

Sasa swali ambalo hujaniuliza ndo linanitia hofu zaidi. Nyumba hiyo ina hati? Kama ina karatasi ya serikali ya mtaa tu, benki haitaipokea kama dhamana, na hapo wengi wanakimbilia mkopo wa mshahara kwa sababu ni rahisi. Mkopo wa mshahara benki inaangalia mshahara, nyumba haiihusu, kwa hiyo siku akitokea mtu na hati yake akasema hapa ni kwake mtatoka na mabegi na makato yanaendelea palepale. Haya nayasema kwa uchungu. Mwaka 2017, serikali inahamia huku na kila mtu anakimbilia viwanja, nililipia kiwanja mbele ya mashahidi watatu, kumbe kilishauzwa kwa mtu mwingine, na hela yangu sijaiona hadi leo.

Ningekuwa nyie ningebaki kupanga mwaka mmoja au miwili bila kuona aibu, nikamwomba mwenye nyumba nilipe kwa miezi mitatu mitatu (muungwana ukimwambia mapema mara nyingi anaelewa, ila muandikishane), halafu ningetafuta kiwanja kilichopimwa. Kilichopimwa namaanisha kina namba, kina kitalu, na bikoni, yaani alama za mipaka, mnaziona kwa macho. Kabla ya kutoa hata shilingi chukueni hiyo namba mpeleke wenyewe ofisi ya ardhi ya jiji muulize kiko kwa jina la nani na kama kinadaiwa kodi ya ardhi, msimtume dalali. Muuzaji akiwa na mke, mke aje asaini, maana sheria inataka ridhaa ya mwenza, bila hivyo baadaye anaweza kwenda mahakamani. Na kwenu pia, majina yawe mawili kwenye hati, la kwako na la mumeo, hilo msilionee haya kulizungumza.

Mkifika kwenye kiwanja angalieni udongo, ule mweusi wa mbuga unaopasuka kiangazi na kuvimba mvua zikinyesha utawamalizia hela kwenye msingi na kuta zitapata nyufa. Ulizeni bomba la DUWASA, mamlaka ya maji ya Dodoma, limeishia wapi, kununua maji ya boza kila wiki Dodoma hii ni kodi nyingine kabisa.

Msitumie milioni 6 yote. Toa laki tisa ya kodi ya miezi sita, toa ya dharura, kinachobaki ndo cha kiwanja, hata kama itabidi mlipe kwa awamu. Ukishapata hati kuna sharti la kuendeleza ndani ya miaka mitatu, kwa hiyo mnaanza msingi, mwaka unaofuata boma, mkishapaua mnahamia hata chumba kimoja hakijapigwa lipu, na laki na nusu ya kodi inageuka saruji.

Mwambie mkwe wangu, mumeo, Jumatatu aende na namba ya kiwanja cha hiyo nyumba ya Mkonze pale ofisi ya ardhi. Dalali akianza kuzungushazungusha kuhusu namba, niandikie.