Maswali Yenu kuhusu Rada: Mwangwi Unavyopima Mafuta, Mwendo na Pumzi

Barua zilizofika safari hii nyingi zinauliza jambo moja kwa sura tofauti: inakuwaje wimbi lisiloonekana lipime kitu bila kukigusa? Nimechagua saba. La kwanza nimelijibu kwa kirefu, kwa sababu ukilielewa hilo, mengine yanakuwa mepesi.

Nafanya kazi kwenye bohari ya mafuta. Zamani tulipanda juu ya tangi na kuteremsha utepe wenye timazi. Sasa wamefunga rada kwenye paa la tangi, wanasema inapima hadi milimita. Wimbi lenye kasi ya mwanga linapimaje milimita? Nina shaka.

Shaka yako ni ya haki, ndugu yangu. Wimbi la redio husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde. Mwangwi wa kitu kilicho umbali wa mita 150 hurudi baada ya maikrosekunde moja, yaani sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa meli au ndege hapana taabu: tuma pigo fupi, hesabu muda, umepata umbali. Lakini mafuta yakipanda milimita moja, muda wa kwenda na kurudi hupungua kwa sehemu kama saba tu za trilioni ya sekunde. Kuusoma muda mfupi namna hiyo moja kwa moja ni kazi ngumu mno.

Wavumbuzi wakaizunguka saa. Badala ya pigo, antena hutoa wimbi lisilokatika ambalo masafa yake, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde, hupanda kwa mwendo sawasawa, mfano wa king'ora kinachozidi kuwa chembamba. Mwangwi ukirudi unakikuta king'ora kimeshapanda juu zaidi. Wachanganye wawili hao, chukua tofauti yao: kadiri safari ilivyokuwa ndefu ndivyo tofauti inavyokuwa kubwa. Hezi ni mtetemo mmoja kwa sekunde, gigahezi ni bilioni moja ya hizo. Tuseme masafa yanapanda gigahezi 1 ndani ya sehemu moja ya mia ya sekunde, na uso wa mafuta uko mita 15 chini. Tofauti inakuwa hezi 10,000. Hiyo ni sauti! Ukiiunganisha na spika, sikio zima litaisikia. Muda usiopimika umegeuzwa kuwa mlio ambao sakiti ya kawaida inauhesabu bila jasho. Kwangu mimi huu ni miongoni mwa ubunifu mzuri kuliko yote katika ufundi wa upimaji.

Kwa zile milimita za mwisho kifaa hutazama pia kama wimbi limerudi likiwa kwenye kilele cha mtetemo wake au bondeni. Rada ya gigahezi 80 ina wimbi lenye urefu wa milimita 3.75. Uso ukipanda milimita 1, safari nzima hupungua milimita 2, zaidi ya nusu ya wimbi, na badiliko hilo huonekana waziwazi.

Vipimo vya namna hii vilianza kufungwa kwenye meli za mafuta miaka ya 1970, mahali ambapo kufungua mfuniko wa tangi lenye mvuke ni hatari. Udhaifu vinao. Povu zito humeza mwangwi, na ngazi au bomba lililomo ndani ya tangi hurudisha mwangwi wa uongo, ndiyo maana fundi hukifundisha kifaa tangi likiwa tupu. Nawe utepe wako usiutupe. Ndio utakaotumika kuihakiki rada yenyewe.

Mimi ni dereva. Kile kifaa cha trafiki tunachokiita tochi, kikinipiga kwa pembeni si kinaweza kunizidishia mwendo?

Kinyume chake, kinakupunguzia. Rada ya mwendo husikiliza masafa yanavyobadilika mwangwi unaporudi kutoka kwa kitu kinachosogea. Rada ya gigahezi 24 ikipiga gari linaloijia kwa kilomita 100 kwa saa, mwangwi hurudi ukiwa umepanda kwa takriban hezi 4,450. Hata hivyo inachokiona ni ile sehemu tu ya mwendo inayoelekea kwake. Ukiwa pembeni kwa nyuzi 20, kilomita 100 zitasomeka kama 94. Tatizo la kweli ni magari mawili kuongozana ndani ya mwali mmoja, maana mwali wa rada hupanuka kadiri unavyokwenda mbali na gari kubwa hurudisha mwangwi wenye nguvu. Tochi nyingi za siku hizi si rada hata kidogo, ni leza, na mwali wake ni mwembamba sana.

Oveni ya maikrowevu na rada ni ndugu kweli, au ni maneno ya mitaani? Na je, vitambuzi hivi vya rada vinatuchoma polepole?

Ni ndugu wa tumbo moja. Mwezi Februari 1940, katika Chuo Kikuu cha Birmingham, John Randall na Harry Boot waliwasha magnetroni yenye matundu, yaani mrija wa umeme wa kuzalisha mawimbi ya redio, iliyotoa mawimbi ya urefu wa kama sentimita 10 kwa nguvu ambayo haikuwahi kupatikana. Wimbi likiwa fupi, antena nayo huwa ndogo, na rada ikaweza kubebwa ndani ya ndege. Mwaka 1945 Percy Spencer, mhandisi wa kampuni ya Raytheon nchini Marekani, aliona kitafunwa kimeyeyuka mfukoni mwake akiwa karibu na magnetroni inayofanya kazi. Akaomba hataza ya kupikia kwa mawimbi hayo.

Kuhusu kuchomwa: oveni humwaga mamia ya wati ndani ya sanduku la chuma ili nguvu isitoke. Kitambuzi cha mlango au cha gari hutoa kiasi kidogo mno, mara nyingi milliwati chache, yaani sehemu chache za elfu za wati, tena hewani, na nguvu hiyo hutawanyika. Tena mawimbi haya hayawezi kuvunja molekuli kama mionzi ya eksirei. Linalojulikana waziwazi ni kwamba hupasha joto, na kwa milliwati chache joto hilo ni dogo mno.

Nilisikia rada iliokoa watu waliofukiwa na kifusi. Inawezekanaje kumwona mtu nyuma ya matofali?

Ilitokea Nepali, baada ya tetemeko la Aprili 2015. Kifaa kiitwacho FINDER, kilichotengenezwa na maabara ya JPL ya NASA, shirika la anga la Marekani, pamoja na wizara ya usalama wa ndani ya Marekani, kiliwatambua wanaume wanne waliofukiwa chini ya matofali na tope, wakatolewa wakiwa hai.

Kifaa hakimwoni mtu. Kinaona kusogea. Kifua chako kikivuta pumzi hupanda milimita kadhaa, na moyo ukidunda ngozi husogea sehemu ya milimita. Kifusi hakisogei, kwa hiyo mwangwi wake haubadiliki, nao hutolewa kwenye hesabu. Kinachobaki kikipanda na kushuka kwa mwendo wa pumzi, na juu yake pana mdundo mwepesi zaidi wa moyo, basi hapo chini kuna mtu. Waokoaji wenyewe lazima wasimame mbali na watulie, maana pumzi zao nazo husikika. Nikifikiria kwamba mtu asiyeweza hata kupiga kelele anaweza kusikika kwa sababu tu anapumua, naona kazi hii yote ilistahili kufanywa.

Mimi ni mwanafunzi wa kilimo. Tunatumia kifaa cha vyuma vitatu kupima unyevu wa udongo. Mwalimu anasema ni "rada ya kwenye waya". Anatania?

Hatanii. Mafundi wa nyaya za simu na umeme walikuwa na kifaa kinachotuma pigo ndani ya waya na kusubiri mwangwi kutoka pale waya ulipokatika. Wakati mwingine majibu yaliyumba kulingana na kile kilichouzunguka waya. Kwa fundi huo ni usumbufu. Kwa mtu wa udongo ni habari. Maji huchelewesha wimbi kuliko karibu kila kitu kilichomo shambani: kipimo chake cha umeme kinachoitwa kigezo cha dielektriki ni kama 80, udongo mkavu ni kati ya 3 na 5, hewa ni 1. Mwaka 1980 watafiti Topp, Davis na Annan wa Kanada walichapisha mlinganyo unaogeuza ucheleweshaji huo kuwa asilimia ya maji, na unatumika hadi leo. Udongo wa mfinyanzi mzito au wenye chumvi hudhoofisha pigo, kwa hiyo hapo pima kwanza kwa kukausha udongo kwenye tanuri ili uhakikishe.

Nani hasa aligundua rada?

Inategemea unaita nini rada. Heinrich Hertz alionyesha miaka ya 1880 kwamba mawimbi ya redio hurudishwa na chuma. Jagadish Chandra Bose, huko Kolkata, India, mwaka 1895 alitumia mawimbi ya milimita kupiga kengele kwa mbali. Mwaka 1904 Mjerumani Christian Hülsmeyer alipata hataza ya kifaa cha kutambua meli gizani na ukunguni, akakionyesha kwenye mto Rhine, na wanunuzi hawakukitaka. Februari 1935 Robert Watson-Watt na Arnold Wilkins walitambua ndege kwa kutumia mawimbi ya kituo cha redio cha BBC kilichokuwa Daventry, Uingereza. Watson-Watt hupewa sifa mara nyingi. Mimi Hülsmeyer namwonea huruma: alifika mapema mno.

Nyongeza moja. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mvua ilikuwa inachafua vioo vya rada na kuficha ndege. Wataalamu wa hali ya hewa wakaomba uchafu huohuo. Tone la mvua lenye kipenyo cha milimita 2 hurudisha mwangwi mara 64 ya lile la milimita 1, kwa hiyo nguvu ya mwangwi hukisia ukubwa wa mvua inayokuja.

Nipo kidato cha nne, napenda kuunda vitu. Nianze na nini katika fani hii?

Mwanangu, tafuta kitambuzi kidogo cha mwendo cha gigahezi 10.525, cha aina inayowekwa juu ya milango inayojifungua yenyewe. Uliza kwanza kama masafa hayo yanaruhusiwa unapoishi. Usiishie kuwasha taa nacho. Chukua waya wa matokeo, upitishe kwenye kikuza sauti, uvae spika za masikioni. Mtu anayekujia akitembea kwa mita moja kwa sekunde atatoa sauti nzito ya hezi 70 hivi. Akikimbia, sauti itapanda. Feni itaimba wimbo wake.

Na ukisikia mngurumo usiobadilika wa hezi 100 hata chumba kikiwa kitupu, tazama juu darini. Kama kuna taa ya mirija ya aina ya zamani, ndiyo hiyo: gesi iliyomo ndani huwaka na kufifia mara mia kwa sekunde kwenye umeme wa hezi 50, na kila ikiwaka hurudisha mawimbi yako. Wengi huichuja haraka wapate utulivu. Wewe usiichuje kwanza. Izime taa, iwashe, ikaribie, rudi nyuma, andika unachosikia kila hatua, kisha uniandikie.