Pikapu ya Zamani Inapobugia Mafuta: Pima Kwanza, Fungua Baadaye

Lalamiko utakalolisikia mara nyingi ukianza kazi ya gereji ni hili: "Fundi, gari langu linakula mafuta." Ukimuuliza mwenye gari linakula kiasi gani, hana namba. Anachojua ni kwamba zamani tangi lilimfikisha mbali na siku hizi halimfikishi. Mara nyingi yuko sahihi, ila kauli hiyo peke yake haitoshi kukushikisha spana. Nawaandikia mnaoanza ufundi, na wewe pia uliyenunua pikapu iliyotumika, kwa sababu naona vijana wengi wakibadilisha plagi, filta na sensa kwa mkupuo. Gharama inapanda, na mwisho hakuna anayejua ni kipi kilichosaidia, au kama kuna kilichosaidia.

Kwa hiyo tafuta namba. Jaza tangi mpaka pampu ijikate yenyewe, rudisha kihesabu cha safari kwenye sifuri, endesha gari kwa kazi zake za kawaida mpaka tangi lishuke chini ya nusu, kisha jaza tena, ikiwezekana kwenye pampu ileile, mpaka ijikate. Gawanya kilomita kwa lita ulizoongeza. Kilomita 430 kwa lita 52 ni kama kilomita 8.3 kwa lita. Usitegemee mshale wa dashibodi, kwa sababu matangi mengi hayana umbo la ndoo na nusu ya mshale si nusu ya mafuta. Wala usiamini tangi moja: pima matatu mfululizo, jumlisha kilomita zote na lita zote, ndipo ugawanye.

Kabla ya kuiamini namba hiyo, angalia matairi. Pikapu nyingi za zamani zimevalishwa matairi makubwa kuliko ya kiwandani. Tairi likizidi kipenyo kwa asilimia 5, kila kilomita 100 unazosoma ni 105 barabarani, na ile 8.3 yako kumbe ni karibu 8.7. Linganisha kihesabu na GPS ya simu kwenye mwendo mrefu, ndipo ujue unarekebisha nini. Nimeona watu wakifungua injini kwa tatizo ambalo nusu yake lilikuwa kwenye kihesabu. Hata hivyo usisahau kwamba tairi kubwa lina uzito wake na linabadilisha uwiano wa gia kwa namna yake, kwa hiyo sehemu ya ulaji inaweza kuwa ya kweli.

Halafu muulize mwenye gari tatizo lilianza ghafla au taratibu. Likianza ghafla, shuku kitu kilichokufa au kukwama: thamostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto), sensa, breki, paipu iliyochomoka. Likija taratibu, shuku kuchakaa na uchafu: nozeli zinazonyunyiza mafuta, valvu, pete za pistoni. Uliza pia nini kimebadilika. Keria mpya juu ya bodi, bamba zito la chuma mbele, njia mpya yenye milima, dereva mpya, mzigo usioshushwa. Kilo 45 za ziada zinagharimu kama asilimia 1 ya mafuta, na sanduku la vifaa linalokaa nyuma mwaka mzima huzidi hapo bila mtu kujua. Mwendo nao una sehemu kubwa: upinzani wa hewa hukua kwa mraba wa mwendo, kwa hiyo ukitoka 90 kwenda 110 kwa saa hewa inakuzuia karibu mara moja na nusu ya mwanzo, na pikapu ni gari lenye uso mpana.

Sasa gusa gari, lakini injini iache bado. Pima upepo wa matairi yakiwa ya baridi na ufuate kibandiko cha mlangoni. Kisha nenda kwenye breki, maana hapa ndipo mafuta mengi yanapopotelea bila dalili yoyote kwenye dashibodi. Endesha gari dakika kumi kwenye barabara tupu, ukipunguza mwendo kwa gia na si kwa breki, kisha liache lisimame lenyewe. Shuka, pitisha kiganja karibu na kila rimu bila kugusa. Gurudumu lenye joto kuliko mwenzake wa upande wa pili lina breki inayoshika au beringi inayokufa. Inua kwa jeki, weka vigingi, zungusha kwa mkono. Gurudumu la mbele lisilovuta gari linapaswa kuzunguka mzunguko mmoja au zaidi likiachiwa, na mkwaruzo mdogo wa pedi ni wa kawaida. Likisimama mara tu unapotoa mkono, fungua. Kwenye pikapu za zamani mara nyingi utakuta pini za kalipa, ile inayobana pedi, zimekauka grisi na kuota kutu, au kebo ya handbreki imegandia ndani ya ala yake, ukiishusha handbreki kebo hairudi. Ukilegeza nati ya kutolea hewa na gurudumu likaachia papo hapo, basi shinikizo limenaswa ndani: shuku mpira wa breki uliovimba kwa ndani. Likiendelea kushika, tatizo ni la chuma: pini, pistoni au kebo.

Kama gari lina gia ya magurudumu manne, hakikisha haijaachwa imeingia, na kama vitovu vya mbele ni vya kufunga kwa mkono, viwe vimefunguliwa. Mwelekeo wa magurudumu ya mbele nao uangalie: ukipapasa tairi na kuhisi kingo za meno upande mmoja kama msumeno, tairi linaburuzwa pembeni kila kilomita.

Ikipita hapo, njoo kwenye joto la injini. Kwa pikapu ya petroli, thamostati iliyokwama ikiwa wazi ndiyo ninayoishuku kabla ya vyote, kwa sababu mara nyingi haiwashi taa wala haina kelele. Mwenye gari hata anaisifu injini kwamba "haichemki". Nyingine huikuti kabisa, imetolewa na fundi aliyetangulia akiamini anaisaidia injini ipoe. Naomba tabia hiyo iishie kwenu. Injini imetengenezwa kufanya kazi kwenye nyuzi 80 hadi 95 hivi za Selsiasi. Ikibaki chini ya hapo, kompyuta ya injini inaona bado ni asubuhi ya baridi na inaendelea kuongeza mafuta, oili inabaki nzito, na petroli isiyogeuka mvuke inateremka kwenye kuta za silinda na kuosha oili.

Kipimo chake hakihitaji mashine. Washa injini ikiwa ya baridi kabisa, shika mpira wa juu unaokwenda kwenye rejeta, mbali na feni na mikanda. Kwa dakika za mwanzo unapaswa kubaki wa baridi huku injini ikipata moto, kisha joto lije kwa mkupuo thamostati inapofunguka. Mpira ukianza kupata uvuguvugu pole pole tangu mwanzo, maji yanazunguka bila kizuizi. Kuna magari machache ambayo thamostati yake iko upande wa mpira wa chini, kwa hiyo tazama kwanza ilipofungwa. Na thamostati ikiwa nzima, pima sensa ya joto inayoipa kompyuta habari, ambayo mara nyingi si ile ya mshale wa dashibodi. Sensa nyingi za Kijapani husoma kama kilo-omu 2 hadi 3 kwenye nyuzi 20, na hushuka hadi omu 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Ikidai baridi wakati injini ni ya moto, mafuta yatamiminwa tu.

Hapo ndipo tunafika kwenye mafuta na hewa. Petroli huungua vizuri kwa sehemu 14.7 za hewa kwa sehemu 1 ya petroli, kwa uzito. Magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996, na Ulaya tangu 2001, yana soketi ya kupimia, hata kama ni kuukuu. Ukichomeka skana usikimbilie kusoma misimbo ya hitilafu peke yake. Soma marekebisho ya mafuta (fuel trim), yaani asilimia ambayo kompyuta inaongeza au kupunguza, ya muda mfupi na ya muda mrefu, injini ikiwa ya moto. Yakikaa ndani ya asilimia 10 juu au chini, mara nyingi hali si mbaya. Yakienda mbali chini ya sifuri, kompyuta inapunguza mafuta kwa sababu kuna yanayoingia bila ruhusa: nozeli inayovuja au shinikizo la mafuta lililozidi. Chomoa kijipaipu cha utupu kwenye kirekebisha shinikizo la mafuta, kama gari lako linacho. Ukikuta petroli ndani yake, diaframu imepasuka na umempata mwizi.

Marekebisho yakienda juu ya sifuri, kompyuta inaongeza. Wengi hapo husema sensa ya oksijeni imekufa na kununua nyingine. Subiri. Sikiliza kwanza eksozi kati ya injini na sensa, gari likiwa limewashwa baridi. Tundu dogo la gasketi hapo huvuta hewa ya nje, sensa inaona oksijeni, inaripoti kwamba mafuta ni pungufu, na kompyuta inaongeza mafuta ambayo injini haikuyahitaji. Sensa inasema kweli juu ya hewa iliyoingia pasipostahili. Sensa nzima ya aina ya kawaida hupanda na kushuka kati ya volti 0.1 na 0.9 bila kutulia injini ikiwa ya moto. Ikitulia sehemu moja, au ikibadilika kwa uvivu, ndipo uifikirie.

Plagi nazo zitoe uzisome, zote, ukizipanga kwa mpangilio wa silinda. Rangi ya kahawia hafifu ni nzuri. Masizi meusi makavu ni mafuta mengi. Silinda moja nyeusi na nyingine safi inakwambia tatizo ni la silinda hiyo, si la sensa inayohudumia zote.

Pikapu ya kabureta (inayochanganya petroli na hewa) na distributa (inayogawa cheche kwa plagi) haina kompyuta ya kuuliza, kwa hiyo unajiuliza mwenyewe. Choki inafunguka yote injini ikipata moto? Kiwango cha boya ndani ya kabureta ni sahihi? Na kitu kinachosahaulika sana: kile kikombe cha utupu pembeni ya distributa kinachowahisha cheche gari linapokwenda kwa mwendo tulivu. Fungua kifuniko cha distributa, vuta hewa kwa mdomo kwenye mpira wa kikombe hicho, uone bamba la ndani likisogea, kisha ziba kwa ulimi. Likirudi, diaframu imetoboka, na gari linachoma cheche kwa kuchelewa safari nzima.

Kwa dizeli, moshi unasema mengi. Mweusi ukiwa na mzigo ni mafuta yaliyokosa hewa: filta iliyoziba, paipu ya turbo iliyopasuka, valvu ya EGR (inayorudisha sehemu ya moshi wa eksozi kwenye injini) iliyokwama wazi, au nozeli inayomwaga badala ya kunyunyiza. Mweupe wenye harufu kali ya dizeli ni mafuta yasiyoungua. Chomoa kijiti cha oili pia. Oili ikiwa imepanda juu ya alama na inanuka dizeli, badilisha oili na utafute uvujaji kabla gari halijatembea tena.

Gia ya otomatiki ina jambo moja la kupima. Kwenye mwendo wa 80 au 90 usiobadilika, weka mguu wa kushoto kwenye breki kwa wepesi wa kuwasha taa tu. Mizunguko ya injini ikiruka kidogo, kufuli la konvata, kiungo kati ya injini na gia, lilikuwa limeshika. Isipobadilika, pengine halishiki kabisa.

Mengine yasikupotezee muda. Filta chafu ya hewa kwenye injini ya petroli yenye nozeli hupunguza nguvu zaidi kuliko inavyoongeza ulaji, kwa sababu kompyuta inapima hewa inayoingia. Hilo lilipimwa katika maabara ya Oak Ridge nchini Marekani mwaka 2009. Kwenye kabureta, badilisha. Sumaku za kufunga kwenye paipu ya mafuta usimuuzie mteja: shirika la mazingira la Marekani, EPA, limepima zaidi ya vifaa 100 vinavyodaiwa kuokoa mafuta na vilivyosaidia ni vichache mno, na kwa kiasi kidogo. Na kushusha mlango wa nyuma wa pikapu hakusaidii. Ukiwa umefungwa, hewa hutengeneza mzunguko ndani ya bodi na hewa ya juu hupita juu yake.

Rekebisha kitu kimoja, pima tangi, ndipo ugeukie kingine. Mteja mwenye haraka mweleze kwa upole kwa nini.

Yote yakiwa sawa na pikapu bado inakula, pima mgandamizo wa silinda, injini ikiwa ya moto, plagi zote nje na kikanyagio cha mafuta kimekanyagwa hadi mwisho. Usitishwe na namba ndogo kama silinda zote zinakaribiana. Mbaya ni moja kuachwa nyuma. Kwa petroli, tia kijiko cha oili kwenye silinda hiyo upime tena. Ikipanda, pete zimechoka. Isipopanda, ni valvu, au gasketi ya silinda hedi, na kabla hujamtajia mwenye gari kufungua hedi, pima nafasi za valvu kwa fila geji, vile vibamba vyembamba vya kupimia. Nafasi ikiwa imeisha, valvu haifungi hadi mwisho, na hiyo, isipokuwa valvu imeshaungua, unairekebisha asubuhi moja.