Uliza Mwalimu wa Karakana: Je, chuo chetu ni ghali?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mjumbe wa bodi ya chuo cha ufundi stadi cha umma, Kanda ya Ziwa. Kikao kilichopita tuliletewa jedwali: chuo chetu kilitumia Sh200 milioni kwa wanafunzi 160, yaani Sh1,250,000 kila mmoja. Chuo jirani kilitumia kiasi hicho hicho kwa wanafunzi 250, yaani Sh800,000. Wenzangu wanataka tuongeze udahili bila kuongeza bajeti, tumfikie jirani. Roho yangu inasita. Kuna kipimo bora?

JIBU: Marahaba, mjumbe. Una haki ya kusita.

Jedwali hilo limegawanya fedha kwa majina yaliyoandikishwa. Ukitaka lionyeshe kwamba ufanisi umepanda, kazi ni rahisi: jaza watu. Nimefundisha uchomeleaji maisha yangu yote ya kazi, na najua karakana iliyojaa inavyokuwa. Mashine nne, vijana arobaini. Mmoja anachomelea, tisa wamesimama nyuma yake wakingoja zamu. Wengi hawana ngao ya uso, hivyo moto ukiwaka wanageukia ukutani wasiumie macho. Daftari la mahudhurio linasema walikuwepo, lakini hawakuona hata chuma kilivyoyeyuka.

Kwa hiyo kabla ya kikao kijacho, ingia stoo uombe leja. Tazama rodi za geji 12, yaani vijiti vya kuchomelea, zilizotolewa muhula mzima, uzigawe kwa idadi ya wanafunzi wa fani hiyo. Fanya hivyo kwenu, na ikiwezekana kwa jirani pia. Mkono wa mchomeleaji unakomaa kwa kuunguza rodi. Anaanza na mshono uliojaa matundu, anaugonga kwa nyundo unaachia, anarudia. Chuo kinachobana rodi kitapendeza sana kwenye jedwali lenu.

Sasa hesabu. Tuseme, kwa mfano tu, kwenu wanafunzi 140 walithibitishwa kuwa na umahiri, na kwa jirani 100. Gharama ya kila mhitimu mahiri kwenu ni kama Sh1,430,000. Kwa jirani ni Sh2,000,000. Tuseme tena kwamba mwaka mmoja baadaye 100 wa kwenu wanafanya kazi ya fani waliyosomea, na wa jirani ni 50. Hapo kwenu ni Sh2,000,000 kwa kila fundi aliye kazini, kwa jirani Sh4,000,000. Fedha ni zile zile, ila aliyeitwa ghali amekuwa nafuu. Inawezekana pia namba halisi zikawapa wenzako haki, na zikifanya hivyo mzikubali.

Msilinganishe vyuo kabla hamjatenganisha fani. Anayejifunza ushonaji akikosea, anafumua na kitambaa kinatumika tena; rodi iliyoungua hairudi. Chuo chenye uchomeleaji na ufundi magari hakiwezi kuwa na gharama ya chuo chenye ushonaji na kompyuta, na bweni nalo lina chakula, maji na mlinzi wake.

Labda mtaalamu atawaletea kipimo cha mpaka wa ufanisi. Wazo lake liliwekwa na mwanauchumi Farrell mwaka 1957, na mwaka 1978 watafiti Charnes, Cooper na Rhodes wakalitengenezea hesabu inayofaa taasisi zisizouza bidhaa sokoni, kama shule. Kompyuta inatafuta vyuo vinavyotoa mengi kwa rasilimali walizonazo, kisha inapima wengine wako umbali gani nyuma yao. Australia watafiti wamevipima hivyo vyuo vyao vya umma vya ufundi, TAFE. Ni njia nzuri, ila inahitaji vyuo vingi. Ukiipa vyuo vitano na vigezo sita, karibu kila chuo kitatoka na alama kamili, kwa sababu kila kimoja kitakuwa cha kwanza katika jambo fulani. Kwa mkoa mmoja, msitumie fedha huko.

Liko jambo jingine ambalo majedwali hulisahau, nalo linaniuma. Je, karakana yenu inafungwa saa tisa alasiri? Kama jioni mnafundisha kozi fupi, au mnarasimisha ujuzi wa mafundi wa mtaani waliojifunza kazini bila cheti, hayo ni matunda ya mashine na umeme ule ule. Yasipohesabiwa, gharama yote inabebeshwa wanafunzi wa kozi ndefu peke yao. Na kama mnafunga saa tisa, hapo ndipo penye nafasi ya kuongeza watu bila kuwabana wa asubuhi.

Mambo haya ni mazito kwa sababu ada ya mwanafunzi peke yake haitoshi kulipia mafunzo yake. Chuo cha umma kinasimama kwa fedha za Serikali, na waajiri nao wanachangia kwa tozo ya kuendeleza ufundi stadi, iliyokuwa asilimia 6 ya mishahara hadi 2013 na ikashushwa hatua kwa hatua hadi 3.5 mwaka 2023. Mwajiri anayelipa kisha akaletewa kijana asiyejua kushika mashine ana haki ya kulalamika.

Kikaoni omba mambo mawili. Mhasibu agawanye matumizi kwa fani, bweni likiwa peke yake. Na mtu mmoja apewe vocha ya simu awapigie wahitimu wa mwaka juzi. Namba za wazazi zipo kwenye fomu za kujiunga. Maswali matatu yanatosha: unafanya kazi gani, ni ya fani uliyosomea, na uliipata baada ya miezi mingapi? Asiyepatikana aandikwe hakupatikana, kwenye safu yake, na asihamishiwe kwa walioajiriwa ili jedwali lipendeze.