Wadudu wa kwenye matumbawe

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni kijana wa Kunduchi. Bamvua lililopita nilimsindikiza shangazi kuchokoa pweza, nikaona vidudu vyeusi, kama punje za ufuta, vikikimbia juu ya maji ya dimbwi katikati ya matumbawe. Shangazi anasema ni watoto wa kaa. Shuleni niliambiwa baharini hakuna wadudu. Je, ni nini hivyo, na vinakula matumbawe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Hao ni wadudu hasa, wa miguu sita. Shangazi simlaumu, maana kwa Kiswahili chetu hata kaa ni mdudu. Lakini mtoto wa kaa hakimbii juu ya maji, huwa ndani yake. Na aliyekufundisha hakuwa mbali na ukweli: aina za wadudu zinazojulikana zinapita milioni 1, ila walioizoea bahari ni wachache mno.

Kwa ulivyoeleza, wako ni Hermatobates au Halovelia, wote ukoo mmoja na kunguni. Usiogope, damu yako hawaitaki. Hufyonza vijidudu vidogo vinavyoangukia maji. Mmojawapo wa Hermatobates alielezwa kutoka Djibouti mwaka 1901, kwa hiyo bahari yetu hii si ngeni kwao.

Wanachonistaajabisha ni makazi yao. Hapa Dar maji ya bamvua hukupwa kwenye saa nne asubuhi, na hapo ndipo wanapotoka kuwinda. Kabla maji hayajarudi, wanaingia kwenye vitundu vya tumbawe lililokufa. Bahari inapanda, pengine zaidi ya mita 3, nao wamo mle ndani, wamefunikwa kabisa, wakivuta hewa iliyobaki tunduni. Mwili wao una manyoya laini mno yasiyolowa. Niliwahi kumtazama mmoja kwa kioo cha kukuzia: maji yalimteleza, akabaki mkavu huku amezungukwa na ngozi ya hewa inayong'aa kama fedha. Nilimrudisha nilipomtoa.

Kwa hiyo tumbawe hawali, wanalikalia. Ndiyo maana naumia nikiona mawe ya mwambani yakipakiwa kwenda tanuri la chokaa kwa sababu "yamekufa". Jiwe lile limekufa kama tumbawe, lakini lina wenyewe. Wana binamu, Halobates, ambao aina 5 huishi bahari kuu bila kukanyaga nchi kavu. Hawa wako hawawezi, bila tundu hawana pa kwenda.

Mwombe shangazi, akigeuza jiwe kutafuta pweza, alilaze tena lilivyokuwa, tundu lile lile likitazama chini. Nawe bamvua lijalo chuchumaa ukilielekea jua, kivuli chako kisiangukie dimbwi. Subiri maji yaanze kujaa. Utawaona wakirejea tunduni, wengi pamoja, na dakika chache baadaye hutamwona hata mmoja.