V8 au Umeme? Kabla Hujaagiza, Pima Breki na Ujue Gari Litalala Wapi

Msomaji mmoja wa Nairobi ameniandikia wiki hii. Anataka kuagiza sedani ya kasi kutoka Uingereza na ana majina matano mkononi: BMW M5 ya F90, Mercedes-AMG E63 S, Porsche Taycan 4S, Tesla Model 3 Performance na BMW i4 M50. Mawili ya kwanza ni ya petroli yenye V8, yaani injini ya silinda nane; matatu ya mwisho ni ya umeme. Mbele ya kila jina ameandika sekunde za kutoka 0 hadi 100: 3.4, 3.4, 4.0, 3.3, 3.9. Swali lake: lipi hapo ni gari la dereva? Wikendi yeye na wenzake hupanda Limuru, kisha wakashuka Mai Mahiu.

Ndugu yangu, sekunde hizo ni za kweli, ila hazitakusaidia kuchagua. Zimepimwa kwenye lami kavu, dereva akikanyaga mara moja tu. Hazisemi gari litakuwaje ukilibana dakika ishirini mfululizo, kwenye mwinuko wetu, likiwa na tani mbili za kusimamisha. Na kuna jambo moja hukuniandikia kabisa. Nitalifikia.

Tuanze na hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na Limuru inapita 2,200. Injini isiyo na turbo, ile pampu inayosukumia injini hewa, hupoteza takribani asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda. Ile Mercedes C63 ya zamani ya lita 6.2 yenye nguvu za farasi 457 pale Mombasa, ikifika Nairobi inabaki na kama 380. V8 za M5 na E63 S zina turbo, nazo hufidia kwa kuzungusha turbo kwa kasi zaidi ili kukusanya hewa ileile. Nguvu nyingi inabaki, lakini hewa inatoka kwenye turbo ikiwa na moto zaidi, na injini hizi zote mbili zimewekewa turbo katikati ya V, juu kabisa, mahali joto lisipo na pa kukimbilia. Mirija ya plastiki ya maji, mipira na nyaya zilizo karibu hapo hukauka na kupasuka mapema. Foleni ya jioni huziumiza kuliko barabara wazi, kwa sababu hakuna upepo.

Mota ya umeme haivuti hewa. Nguvu iliyonayo Mombasa ndiyo iliyonayo Limuru. Kwa hiyo ukisikia mtu anadharau gari la umeme mbele ya watu wanaopanda milima, jua hajapiga hesabu. Inaniuma kuona vijana wanaolijua gari vizuri wakibezwa na wenzao eti kwa sababu gari lao halingurumi. Kujua kuendesha ni kujua uzito unahamia wapi ukikanyaga breki, na hilo halina uhusiano na petroli.

Lakini sikupi ushindi wa bure upande wa umeme, maana sasa tunashuka.

Gari la kilo 2,200 likishuka mita 500 za wima huachia nishati ya kWh (kilowati-saa) 3. Hiyo inatosha kuchemsha zaidi ya lita 30 za maji. Lazima iende mahali. Kwenye M5, sehemu humezwa na injini ukishusha gia, na inayobaki inaingia kwenye diski za breki. Kwenye Taycan, mota hugeuka jenereta na kuirudisha betrini. Porsche wenyewe wanasema karibu asilimia 90 ya kufunga breki kwa matumizi ya kawaida hufanywa na mota bila pedi kugusa diski. Raha tupu, isipokuwa kama uliondoka nyumbani na betri imejaa. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme, mota zinakataa kufunga breki, na tani zako zote zinaning'inia kwenye pedi peke yake. Dereva aliyezoea gari kujizuia lenyewe akiachia mafuta anashtuka hapo, katikati ya kona. Ukipanga kushuka Mai Mahiu na umeme, ondoka na asilimia 80, usizidishe.

Hapa ndipo ninaposisitiza, na nitarudia hata ukichoka: mafuta ya breki. DOT 4, daraja la kawaida la mafuta hayo, ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa, na yakishanyonya vya kutosha kiwango cha chini kinashuka hadi 155. Yakichemka yanatengeneza mapovu, mapovu yanabanwa, na pedali inazama hadi sakafuni bila gari kusimama. Gari la umeme lina hatari yake ya pekee: kwa kuwa pedi hazitumiki sana, mwenye gari huona pedi nene, akadhani breki ni nzima, na mafuta yakakaa humo miaka minne. Badilisha kila miaka miwili kwa kalenda, si kwa kilomita. Kwa anayeishi Pwani, kila mwaka. Ukiendesha kwa nguvu, tumia mafuta ya mashindano yanayovuka nyuzi 300 na pedi zinazohimili joto, hasa kwenye Model 3 Performance, ambayo pedi zake za kiwandani huchoka haraka kwenye uwanja wa mbio. Ukimaliza, usizime gari ukiwa umekanyaga breki. Tembea taratibu kilomita tatu hadi tano ili diski zipoe sawasawa, na kwenye V8 turbo nazo zipate oili na maji yanayozunguka.

Kuhusu uzito, watu wengi wameshika habari ya zamani. Si kila gari la umeme ni zito kuliko la petroli. Model 3 Performance ina kama kilo 1,850, chini ya M5 yenye takribani 1,930. Taycan na i4 M50 ndizo zinazopita 2,200. Betri ikiwa sakafuni gari halilali sana kwenye kona, na ndiyo maana wengi hudanganyika kwamba uzito umetoweka. Haujatoweka, umeshuka chini tu. Tairi ndizo zinazolipa, tena za mbele kwa upande wa nje.

Na tairi zenyewe. Taycan yenye rimu za inchi 21 huvaa 265/35 mbele, yaani ukuta wa tairi wenye milimita 93 tu kati ya rimu na shimo la barabarani. Ileile 4S yenye inchi 19 huvaa 225/55, milimita 124. Chukua ya 19. Haitapendeza sana kwenye picha, lakini rimu zitadumu. Kwenye tangazo la muuzaji, tafuta picha ya chini ya gari kabla ya picha ya viti. Matuta yetu yasiyo na rangi wala alama hukwaruza bamba linalokinga betri, na bamba likibonyea unahitaji mtu aliyefunzwa umeme wa volti 800 kulifungua. Kwa gari lolote la Uingereza, hiyo picha ya chini itakuonyesha pia kutu ya chumvi inayomwagwa barabarani wakati wa baridi: angalia bolti za sasipensheni na mirija ya breki.

Ukichukua V8, mpe fundi kazi hizi kabla ya kulipa pesa ya mwisho. Injini iwashwe ikiwa baridi kabisa, si baada ya muuzaji kuipasha. Filta ya oili ikatwe na karatasi yake ikunjuliwe kwenye mwanga: vipande vinavyong'aa rangi ya shaba au fedha ni beringi zinazolika, na hapo unaondoka. Vizazi vya M5 vilivyotangulia F90, yaani E60 ya V10 na F10, vilijulikana kwa matatizo ya beringi za konrodi, kwa hiyo ukikutana navyo hapa nchini usikubali maneno bila filta. Mfumo wa maji upimwe kwa pampu ya shinikizo, usubiriwe nusu saa, sindano ya kipimo isishuke. Kwenye E63 S acha gari usiku kucha mahali tambarare. Asubuhi likiwa limeinama upande mmoja, shoki ya hewa inavuja. Baada ya hapo oili ni kila kilomita 8,000, hata kompyuta ya gari ikikuambia bado. Petroli iwe oktani 95 kwenda juu. Chini ya hapo injini itachelewesha moto wa plagi kujilinda, na zile farasi ulizolipia hutaziona.

Ukichukua umeme, usiridhike na asilimia inayoonekana kwenye dashibodi. Jaza hadi 100, endesha hadi 20, kisha soma kWh zilizotumika. Taycan yenye betri kubwa ya kWh 93.4 inaruhusu 83.7 kutumika, hivyo asilimia 80 yake ni kama 67. Ukipata 57, betri imebaki na asilimia 85 ya uwezo wake, na bei ishuke kulingana na hilo. Uliza pia karatasi ya ukaguzi wa mirija ya breki za mbele: mwaka 2024 Porsche waliziita Taycan zote kwa ajili ya ukaguzi huo. Betri ndogo ya volti 12 ibadilishwe mapema. Ikifa, gari haliwaki hata kama betri kubwa imejaa. Soketi ya gari la Uingereza ni Type 2 kwa chaji ya kawaida pamoja na CCS2 kwa chaji ya kasi. La kutoka Japani mara nyingi huja na CHAdeMO, soketi ya Kijapani ya chaji ya kasi, au nyingine tofauti, na utaanza kutafuta adapta kabla hujafurahia gari.

Safari ya Mombasa inawezekana, ila piga hesabu ya kurudi kuliko ya kwenda. Kilomita 480 kwa kWh 20 kila kilomita 100 ni 96, na kupanda mita 1,700 kunaongeza kama 10. Hakuna hata moja kati ya magari yako matatu ya umeme inayobeba 106. Panga chaji ya kasi njiani, na uhakikishe inafanya kazi siku hiyohiyo, si wiki iliyopita.

Mimi nasimama wapi? Kama raha yako ni gia kuingia na sauti kupanda, chukua M5, kwa sababu hakuna betri itakayokupa hilo, na ukichukua la umeme, miaka miwili baadaye utaliuza kwa hasara ukiitafuta sauti hiyo. Kama raha yako ni kutoka kwenye kona na nguvu yote ikiwa tayari chini ya mguu, Taycan 4S ya inchi 19. Na kona hizo uzitafute kwenye uwanja wa mbio wa Whistling Morans kule Athi River. Kwenye mteremko wa Mai Mahiu, karibu na lile kanisa dogo lililojengwa na mateka wa Kiitaliano mwaka 1942, kuna malori yanayoshuka na breki moto na akina mama wanaouza mahindi ukingoni. Pale si uwanja wako.

Sasa lile ulilosahau: gari litalala wapi? Soketi ya kawaida ukutani, ukivuta ampea 10 kwa usalama, inakupa kWh 24 kwa saa kumi, kama kilomita 120. Laini ya peke yake ya ampea 32 inakupa kilowati 7.4, na Taycan inajaa usiku mmoja. Laini hiyo inataka breka yake, swichi ya kukata umeme unaovuja, na waya wa ardhini uliopimwa, kwa sababu magari haya hukataa kuchaji ardhi ikiwa mbovu, na watu huishia kulaumu gari. Hita ya bafuni ikiwaka wakati huohuo, mita ya fezi moja inaweza kuruka. Kama unaishi ghorofani na mwenye nyumba hataki kusikia habari ya waya kushuka hadi maegesho, basi swali lako limeshajibiwa, ni M5. Kama una geti lako, mwite fundi umeme mwenye leseni apime ardhi kabla hujatuma pesa Uingereza, kisha uniandikie alichokipata.