Jibu: Ripoti ya mafunzo kwa vitendo, nianze na utangulizi au matokeo?

Mdogo wangu, wala usianze na utangulizi. Anza na michoro na majedwali: vipange mezani, chini ya kila kimoja andika sentensi moja ya kinachoonyeshwa. Mifupa ya ripoti ndiyo hiyo. Utangulizi utakuja mwishoni, muhtasari baada yake.

Rasimu iandike bila kurudi nyuma, hata lugha ikichechemea. Ilaze siku mbili, kisha isome kwa sauti. Mimi yangu ilirudishwa kwa sababu ya maneno "zege lilikuwa imara sana". Msimamizi akazungushia kalamu nyekundu: kiasi gani? Nikaandika upya: "Mchemraba wa zege wa milimita 150 ulivunjika kwa megapaskali 27 (kizio cha mkandamizo), siku ya 28 baada ya kumwagwa." Akasaini. Namba zisizo na vizio nazo zikague, wasimamizi wanazivizia kama trafiki barabarani.