Wasiwasi wa simu: kwa nini kijana na mzee wamepata alama sawa?

Swali: Shikamoo Daktari. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu wasiwasi na matumizi ya simu kwa watu wa miaka 15 hadi 70. Nilipojaribisha dodoso langu, vijana na wazee walipata alama karibu sawa, watu wa makamo wakawa chini. Msimamizi anasema nimekosea hesabu. Je, matokeo kama haya yanawezekana?

Jibu: Marahaba. Yanawezekana kabisa. Kabla hujarudia hesabu, rudi kwenye maswali yenyewe. Nadhani dodoso lako limechanganya wasiwasi wa aina mbili: wa kutumia kifaa na wa kukikosa. Kijana anapata alama kwa sababu simu haipo mkononi. Mzee anapata kwa sababu ipo na anatakiwa aitumie. Ukizijumlisha, wanaonekana wamelingana, kumbe kila mmoja anasumbuliwa na lake.

Aina zote mbili zimepitia mikononi mwa mtafiti mmoja, mwanasaikolojia Larry Rosen wa California. Miaka ya 1980 na 1990, yeye na Michelle Weil walichunguza watu wanaoogopa kompyuta. Baadaye swali likageuka. Mwaka 2014, pamoja na Nancy Cheever na wenzao, alichapisha jaribio la wanafunzi 163 wa chuo: baadhi walichukuliwa simu, wengine walibaki nazo lakini wakaambiwa wazizime na kuziweka kando. Wakapimwa wasiwasi mara tatu huku muda ukienda. Wanaotumia simu kidogo hawakubadilika. Wa wastani walipanda, kisha wakatulia. Wanaotumia sana waliendelea kupanda hadi mwisho, na kuchukuliwa simu au kubaki nayo hakukuleta tofauti.

Jaribio hilo lina funzo kwako. Wale wote walikuwa wanafunzi wa chuo, lakini walitofautiana kwa kiasi cha matumizi. Kwa hiyo tofauti unayoiita ya umri inaweza kuwa ya matumizi tu. Weka vyote viwili, umri na matumizi, kwenye modeli yako ya takwimu.

Sasa gawa maswali. "Napata wasiwasi nisipoweza kuangalia ujumbe" liende kundi moja. "Naogopa kubonyeza kitu nikapoteza pesa" liende jingine. Na tafadhali, hili la pili usilichukulie kuwa ni ushamba wa wazee. Mtu anayepokea ujumbe wa "ile pesa tuma kwenye namba hii" ana sababu ya kuogopa, na dodoso lako lazima limuulize kama amewahi kutapeliwa. Wasiwasi wa jumla upime peke yake, kwa mfano kwa GAD-7, dodoso fupi la kupima wasiwasi lenye maswali 7 na alama 0 hadi 21. Halafu, kabla ya kulinganisha wastani, hakikisha maswali ya kila kundi yanashikamana (yaani majibu yake yanaenda pamoja) kwa vijana kama yanavyoshikamana kwa wazee. Yasiposhikamana, kulinganisha hakuna maana hata programu ya takwimu ikikupa nyota tatu, alama ya kwamba tofauti ni kubwa kitakwimu.

Saa za matumizi usiulize kwa mdomo tu. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2021 ulikuta uwiano wa 0.38 tu (1 ingekuwa kwenda pamoja kikamilifu) kati ya matumizi ambayo watu wanayataja na yale yaliyorekodiwa na kifaa. Mwombe mshiriki afungue mipangilio ya simu akusomee. Kwanza uliza simu hiyo inatumiwa na nani: kwenye familia yenye simu moja, saa zilizorekodiwa ni za mama, watoto na jirani.

Makundi ya umri nayo yaangalie. Mwaka 2022 Amy Orben na wenzake, kwa data za Uingereza, waliona kwamba kutumia zaidi mitandao ya kijamii kulitabiri kupungua kwa kuridhika na maisha mwaka mmoja baadaye kwa wasichana wa miaka 11 hadi 13, wavulana wa 14 na 15, na wote tena wakiwa na 19. Walipima kuridhika, si wasiwasi, lakini inatosha kukuonya: kundi la "15–24" linaweza kuficha mengi.

Mwisho, umepima mara moja tu, hivyo huwezi kutenganisha umri na kizazi. Aliye na miaka 65 leo alikutana na simu ya mkononi ukubwani. Kijana wako akifika 65 hatakuwa na historia hiyo. Andika "watu wenye miaka 65 sasa", usiandike "uzee huleta wasiwasi".

Mpelekee msimamizi wako majedwali mawili, moja kwa kila aina ya wasiwasi, likiwa na wastani wa kila rika. Nikikadiria sawasawa, kwenye moja wastani utapanda na umri, kwenye jingine utashuka.